Pazia la Jikoni kwa Anti Peace

Mwezi uliopita Anti Peace alituita nyumbani kwake Nengo, hapa Gisenyi, tuje kumuaga. Magoti yamemchoka, anahamia Kigali kwa binti yake, na nyumba aliyoishi tangu aliporudi kutoka Uganda imeshapata watu wengine. Aliowaita ni sisi walimu aliotufundisha Kiingereza sebuleni mwake, mwaka ule serikali iliposema shule ziache Kifaransa na masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Tulifika wachache, wengine na mvi, wengine na vitambi, tukakumbatiana na kuulizana habari za watoto, kisha wenzangu wakaenda kukaa kwenye makochi. Mimi miguu ilinipeleka jikoni. Nilivuta kile kigoda cha kando ya madumu ya maji, nikakaa, pazia likiwa limeshuka kati yangu na sebule, na sikujua hata nimefanya nini mpaka Anti Peace aliponiita. "Espe, wewe mgeni leo. Toka huko jikoni." Kabla sijajibu, sauti ya mzee ilitoka upande wa pili wa pazia. "Muache, Anti. Wa jikoni iko mahali yake." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwazidi, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo.

Mwenye sauti ile ni baba wa mume wangu. Kwa Kinyarwanda baba mkwe wangu ni Databukwe, na humu nitamwita hivyo, kwa kuwa jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Kwao, huko juu Kanzenze, mke hataji jina la baba mkwe wake, hakai naye uso kwa uso, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja wao hupata ghafla jambo la kutazama shambani. Najua siku hizi mabinti wanapiga picha wamemkumbatia baba mkwe shingoni na mbingu haijaanguka. Binti yangu Keza, ambaye ni mjukuu na mjukuu anaruhusiwa kila kitu, humwita babu yake kwa jina kamili mbele yangu makusudi, ili anione ninavyokohoa. Mimi sina ugomvi na mambo ya sasa. Lakini desturi ile nilifundishwa nikaikubali, mazoea yana tabu, na nitasema wazi kwamba bila hiyo nisingejua Kiingereza hiki kinachonilisha mpaka leo.

Mwaka wenyewe ulianza vizuri. Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka Goma, ng'ambo ya mpaka wa Congo, na Kifaransa changu na Kiswahili chetu cha kule, na shule iliyonipokea ndiyo aliyokuwa akifundisha Databukwe. Yeye alikuwa na darasa la kwanza, na alilishika miaka mingi hata wazazi waliomletea watoto walikuwa wamepita mikononi mwake wenyewe. Manu, mwanawe, alinipenda, nami nilimpenda, wazee walikuwa wameshafika kwetu kubisha hodi kama inavyotakiwa, na kilichobaki ilikuwa siku ya kuja kuomba rasmi. Ndipo Kiingereza kikatuangukia. Mkuu wa shule alituita akatuambia kwamba mwisho wa mwaka atakuja mtahini kutoka Kigali, atatupima wawili wawili kwa mdomo, alama moja kwa wote wawili, na atakayeshindwa hatasimama tena mbele ya watoto. Atapewa stoo ya shule na bustani. Kesho yake Manu alinifuata ufukweni mwa ziwa, uso umemshuka. "Muzee anasema hawezi kwenda kuomba musichana kwa watu akiwa mwalimu wa majembe," akaniambia. "Tungoje kwanza." Nikamuuliza tungoje mpaka lini. "Mpaka ajue Kiingereza," akasema. Nilicheka, kisha nikaona mwenzangu hacheki. Databukwe alikuwa amesoma Nyundo, shule ya mapadri, Kifaransa chake kilikuwa kimepigwa pasi, lakini kwa Kiingereza alijua maneno mawili, "good" na "morning", na alikuwa akiyatumia kila moja kwa wakati wake.

Hivyo ndivyo tulivyojikuta kwa Anti Peace, jioni baada ya shule na Jumamosi mchana. Sebule yake naiona mpaka leo nikifumba macho. Meza kubwa yenye kitambaa cha kufuma, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kunywea, saa ya ukutani iliyokuwa mbele ya dunia kwa robo saa, na dirisha la kuelekea ziwani ambalo jioni lilituletea harufu ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wakikaangwa kwa majirani. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya paredi, maana aliishi na wanajeshi na Kiswahili alikipata kwao. Alitupikia matoke kwenye majani ya migomba na mchuzi wa karanga, na sisi wa Goma tuliozoea bugari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, tulikula matoke yale kwa heshima kwanza, baadaye kwa kugombania. Vitabu alivikataza. "Kitabu inaweza kudanganya," alisema. "Meza haidanganyi. Kitu iko juu yake au haiko." Na alianza na mahali vitu vilipo, kabla ya salamu, kabla ya kuhesabu, kwa sababu alisema mtoto wa darasa la kwanza ana swali moja tu maishani: kalamu yangu iko wapi? Mwalimu asiyeweza kujibu hilo, alisema, aende kwake akalime.

Tulidhani tutamaliza kwa siku moja. Kumbe hapo ndipo penye miiba. Sisi tuna "juu" yetu moja, na haijawahi kutupungukia: kitambaa kiko juu ya meza, taa iko juu ya meza, picha iko juu ya kabati, nani amelalamika? Waingereza wanataka tatu. Kitambaa kimegusa meza, basi ni "on". Taa inaning'inia sawasawa kuielekea meza lakini haigusi, basi ni "over". Picha iko ukutani, imelizidi kabati kwa kimo tu, haina habari nalo, basi ni "above". Na "kwenye" yetu nayo wanaipasua vipande. Anti Peace alitupeleka dirishani akatuonyesha ziwa. "Manu akiwa 'at the lake', yuko ufukweni, nguo kavu," alisema, akimtumia mchumba wangu bila kumwomba ruhusa. "Akiwa 'in the lake', amelowa. 'On the lake', yuko mtumbwini. Akiwa 'under the lake', tunachanga pesa za mazishi." Hilo lilituingia wote. Mpaka leo nikiona mtu anaoga ziwani, kichwani nasikia "in".

Databukwe ndiye aliyepata shida zaidi, na sababu zake hazikuwa za kijinga. Mtu wa milima hupima kila kitu kwa mteremko: nyumba ya fulani iko upande wa juu, shamba la fulani liko upande wa chini, hata kitandani utasikia mtu akiambiwa asogee upande wa juu. Kwa hiyo alipoulizwa shule yetu ilipo alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema "over the market". Anti Peace akatazama dari. "Mwalimu, hiyo shule inaruka?" Alikaa chini, na mimi niliyekuwa nimekaa nyuma kabisa, mbali naye kama ilivyotakiwa, niliona harusi yangu nayo ikipaa polepole kuelekea Congo.

Shida ya pili ilikuwa ya sote. Tulikuwa tunaonyesha. Ukituuliza kikombe kiko wapi, mkono umeshafika kabla ya neno. Anti Peace alituamuru tukalie mikono. Walimu wazima wenye tai tukakalia mikono. Basi tukaanza kuonyesha kwa kidevu. Akakataza kidevu, tukaonyesha kwa midomo, vile tunavyoisukuma mbele, na katika ufundi huo Databukwe hakuwa na mpinzani. Midomo yake iliweza kukuambia kikombe kiko nyuma ya birika, upande wa dirisha, na kina ufa. "Ni muzuri sana," alisema Anti Peace, "lakini mtahini hatatoa alama ya midomo." Kisha akatupanga wawili wawili kwa ajili ya mtihani, mwenye nguvu na dhaifu. Mwenye nguvu nilikuwa mimi. Dhaifu mnamjua.

Wote walijua mambo ya Manu na mimi, kasoro yeye aliyetupanga, au labda alijua na hakujali. Alivuta viti viwili akaviweka pande mbili za meza. "Sit opposite," alisema. Neno hilo mimi sikuhitaji kufundishwa; ni mahali pekee ambapo mimi na Databukwe hatukuweza kuwa. Yeye aligeukia ukuta. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mwalimu mmoja akamnong'oneza Anti Peace sikioni, naye akashika kiuno akafikiri, na kwa bahati hakuwa mtu wa kubishana na mila za watu. Alinisukuma jikoni, akashusha pazia, akanipa sinia lenye kikombe, kijiko, kisahani, kiberiti na avoka, yaani parachichi. Upande wa sebule akampa Databukwe sinia lenye vitu vilevile. "Mwalimu anapanga, anasema kwa Kiingereza," akatangaza. "Espe anasikia, anapanga ya kwake. Halafu mimi naweka sinia pamoja. Zikifanana, tunakula. Zisipofanana, wengine wanakula."

Siku hiyo wengine walikula. Sauti ya Databukwe ilipita pazia taratibu: "The avocado is in the cup." Nilitazama avoka langu, lilikuwa kubwa la kwetu Gisenyi, nikatazama kikombe. Nikalisukuma. "Anti," nikasema, "ambia Mwalimu avoka haiingie mu kikombe." Anti Peace akamwambia, ingawa alikuwa amesikia vizuri. "Bon. Ambia huyo wa jikoni asukume," akajibu. Nikasukuma. "Anti, ambia Mwalimu kikombe itapasuka." Mzee akachungulia sinia lake. "Basi ambia wa jikoni avoka yangu iko muzuri, haina shida." Kumbe la kwake lilikuwa limekaa juu ya mdomo wa kikombe kama kofia, na alichotakiwa kusema ni "on". Tulipoweka masinia pamoja, watu walicheka mpaka Anti Peace akakaa chini. Databukwe hakucheka. Alilitazama avoka lake, akalitazama langu lililopondeka, akasema kwa Kinyarwanda kwamba sasa ameona. Na kuanzia siku hiyo jina langu likawa wa jikoni.

Wiki zikapita hivyo, na polepole nikagundua jambo ambalo wengine hawakuligundua. Wenzetu waliofanya mazoezi uso kwa uso walikuwa wakidanganyana kwa macho. Mmoja akikosa neno, jicho lilienda kwenye kijiko, mwenzake akaelewa, wakapeana mkono wakidhani wameongea Kiingereza. Sisi hatukuwa na jicho wala kidole. Tulikuwa na neno tu, na neno likikosea, avoka linapondeka. Kama alisema "near" nilimwomba, kupitia kwa Anti Peace, aniambie karibu kiasi gani. Ndipo akatafuta "beside", na siku nyingine "against", pale kiberiti kilipoegemea kikombe. Kiswahili changu chote kina "kati" moja, lakini kutoka jikoni nilijifunza kumuuliza kama kijiko kiko kati ya vitu viwili au kimechanganyika na vingi. Alikuwa mwalimu hasa, hakupenda kurudia kosa. Nami nilipata kumjua kupitia pazia lile lenye maua ya njano kuliko nilivyomjua kwa macho: alivyovuta pumzi kabla ya neno gumu, alivyogonga kijiko kidogo kwenye kisahani alipojua amepatia.

Jioni moja nilifika mapema nikakaa kwenye kigoda changu nikimenya viazi alivyoleta yeye mwenyewe kutoka Kanzenze. Databukwe aliingia sebuleni bila kujua kwamba nipo. Anti Peace alimuuliza kama analala vizuri, maana macho yake yalikuwa mekundu. Alijibu kwa Kiswahili, polepole. "Mi siogope stoo, Anti. Jembe nayijua tangu utoto. Mi naogopa watoto. Bataingia darasani, batakuta mutu mwingine, batauliza Mwalimu iko wapi. Na jibu itakuwa, Mwalimu iko mu stoo." Mimi nilishika kisu na kiazi nikaacha kumenya, na machozi yalinitoka, nasema bila aibu. Mpaka hapo nilikuwa nikihangaikia harusi yangu. Tangu hapo nilitaka mzee yule ashinde hata kama Manu angeoa mwingine. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nilitaka vyote viwili.

Siku ya kwanza ambayo masinia yetu yalifanana kabisa ilikuwa ya mvua, na Anti Peace alikuwa ametutilia chai vikombeni. Alisema kwamba kijiko kimelala "across the cup", kwamba njiti ya kiberiti iko "on the spoon", na kwamba njiti hiyo iko "over the tea but not in the tea". Anti Peace alibeba sinia langu kwa mikono miwili, akaliweka mezani kando ya la kwake, na hakukuwa na tofauti hata ya njiti. Nilisikia Databukwe akicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kabla ya hapo, na kilikuwa kicheko chembamba, cha juu, tofauti kabisa na sauti yake. "Ambia wa jikoni," alisema, "leo tunakula sisi." Sahani yangu ililetwa jikoni, yake ikabaki sebuleni, tukala matoke yale wakati mmoja, pazia likiwa katikati, na adabu haikuvunjika popote.

Mtahini alipofika alikuwa kijana mwenye viatu safi kuliko njia zetu. Alitumia darasa la kwanza, lile lile la Databukwe, na alikuwa ameweka madawati mawili yakitazamana. Tulikuwa tumesahau jambo hilo. Miezi yote tuliyokaa na pazia, hakuna aliyekumbuka kwamba mtahini hatabeba pazia kutoka Kigali. Databukwe aliingia, koti mabegani na mkongojo mkononi, akaona madawati, akasimama mlangoni. Mtahini alimwambia kwa upole, kwa Kiingereza, akae mbele ya mwenzake. Hakukaa. Akamwambia tena. Nilimwona mzee akivuta ile pumzi ya kabla ya neno gumu, na neno halikuja. Basi niliinuka, nikashika dawati langu, nikaligeuza likakwaruza sakafu kwa mlio wa aibu, nikakaa nikiwa nimempa mgongo. Nikasikia hatua zake, kisha nikasikia dawati la nyuma yangu likilia, na mkongojo ukiegemezwa ubavuni mwake. Mtahini alituangalia kidogo, akaandika kitu, akampa Databukwe picha na mimi akanipa karatasi tupu nichore nitakachosikia.

Hapo ndipo tulipokuwa nyumbani. Sauti ilitoka nyuma yangu kama inavyotoka siku zote. Nyumba iko katikati ya miti miwili. Ndoo iko kando ya mlango. Mbuzi yuko chini ya mti, si yule wa kushoto. "The bird is over the roof," alisema Databukwe. "It is not on the roof." Akafikiri. "It has not arrived." Mtahini alitoa sauti ndogo puani. Nilichora ndege ambaye bado hajafika, na mbuzi wangu alifanana na mbwa, lakini alikuwa mahali pake. Picha mbili zilipowekwa pamoja, mtahini alizitazama muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kuchagua kitenge.

Kisha akanigeukia. Akasema bado swali moja dogo kwangu, la kumalizia, maana nami ninapimwa. "Who is behind you?" Nani yuko nyuma yako. Swali jepesi, la mtoto. Jibu lake ni jina, na jina lile mdomo wangu haukuwahi kulibeba. Nilimsikia Databukwe akisogeza viatu. Mtahini alirudia, taratibu zaidi, kama mtu anayemhurumia asiyeelewa, na kalamu yake ikashuka karibu na karatasi. Alama ilikuwa moja kwa wote wawili. Nikikosa mimi, mzee anakwenda stoo, na watoto watauliza. Nikilitaja, nimemvunjia heshima mbele ya mgeni, ndani ya darasa lake mwenyewe.

Nikaona nifanye nilichofundishwa jikoni. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba mtu huyo ameketi nyuma yangu, mbele ya ubao, kati ya dirisha na kabati. Koti lake liko juu ya mabega yake, na ni "on", halijavaliwa. Mkongojo wake umeegemea dawati, "against the desk". Juu ya kichwa chake, bila kukigusa, kuna kamba ya picha za watoto, na hiyo ni "over". Mtahini alisikiliza yote. Kisha akauliza tena, na sasa alikuwa akitabasamu: jina lake, tafadhali. Nikamjibu, "His name is on the paper, on your table, under your hand." Aliinua mkono akalikuta pale pale nilipomwambia.

Alicheka. Halafu, kwa kutaka kujua tu, kwa sababu alama alikuwa ameshaandika, aliniuliza kwa nini silisemi. Nilifungua mdomo sikupata Kiingereza cha jambo lile. Hakuna sinia lililonifundisha. Sauti ilitoka nyuma yangu, bila Anti Peace, bila mtu wa kupeleka ujumbe. "Because she is in my house," alisema Databukwe. Kwa mahali, hilo lilikuwa kosa. Nilikuwa bado naishi kwetu, karibu na soko, na sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda cha shangazi yangu. Mtahini angeweza hata sasa kumkata alama. Hakumkata, nami nilikaa nimempa mzee mgongo, nikitazama ukuta ambao sasa ulikuwa umejaa maji.

Nje, Databukwe alinipita kwa mbali akiwa anautazama mkaratusi ulio kando ya uwanja, akausemesha. "Manu akuje nyumbani leo jioni," aliuambia. "Tuko na safari ya kupanga kwa watu." Mkaratusi haukujibu, mimi nilikimbia. Walikuja kuniomba kabla shule hazijafunguliwa tena. Na zilipofunguliwa, watoto wa darasa la kwanza walimkuta Mwalimu mahali walipotegemea kumkuta, na waliendelea kumkuta mpaka alipostaafu.

Nirudi sasa kwa Anti Peace na sherehe yake ya mwezi uliopita. Baada ya chakula alisema kila mmoja achukue kitu, kwa kuwa binti yake wa Kigali anakaa kwenye nyumba finyu na ana macho makali kwa vitu vya zamani. Mwenzetu mmoja alichukua ile saa, bado iko mbele. Mimi niliomba masinia yetu mawili. Ilipofika zamu ya Databukwe aliomba pazia la jikoni. Lilikuwa limepauka, maua ya njano yamebaki kwa kukisia. "Pazia ya zamani hivyo, Mwalimu, ya nini?" aliuliza Anti Peace. Mzee alijibu akiangalia dirisha. "Kwangu jikoni iko inje. Huyu akikuja na watoto, yeye anakaa huko na moshi, mi nabaki sebuleni na redio. Tangu mama ya Manu amefariki, iko ile redio tu. Hatuna mahali ya kusemea." Anti Peace, na magoti yake yale, alipanda kwenye kigoda changu akalichomoa pazia mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Jumapili tulikwenda Kanzenze. Manu alipigilia misumari miwili kwenye mlango wa chumba cha ndani, akalining'iniza. Mimi nilikaa upande wa chumbani na sinia langu mapajani, Databukwe alikaa sebuleni na lake, na Keza alikaa kando ya babu yake kuwa mwamuzi, akilalamika kwamba nyumba nzima ina simu na hakuna anayezitumia. Tulianza na kisahani. Kijiko kilikuwa "beside" kisahani, kiberiti "against" kikombe. Kisha mzee akanyamaza, nikadhani amesinzia, maana anasinzia sana siku hizi.

"Wa jikoni," akasema, "where are you?"

Nilijua jibu la mtihani. Niko nyuma ya pazia, kwenye kigoda, kati ya kitanda na mlango, na mwalimu yeyote angenipa alama zote. "I am in your house, Databukwe," nilijibu. Halafu nikasikia kijiko kikigonga kisahani mara moja.

"Correct," alisema, kwa sauti ile ya darasa la kwanza, kisha akaendelea na avoka.